Mizani Mbili

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, neno mizani lina maana mbili. Mizani ya kwanza ni ile ya dukani na zahanatini, chombo cha kupimia uzito. Mizani ya pili ni ile tuliyofundishwa na walimu wetu wa ushairi, yaani hesabu ya silabi katika mshororo, ambayo katika tarbia ya kawaida huwa 16: nane katika ukwapi na nane katika utao. Kwa muda mrefu niliyaona haya kuwa maneno mawili yaliyogongana tu katika kurasa za kamusi. Insha hii inasimulia jinsi mizani hizo mbili zilivyokutana katika mwili wangu mwenyewe, huko kwetu Garissa, na jinsi ile ya pili ilivyonifumbua macho kuhusu ile ya kwanza.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Nilimsindikiza zahanatini dada ya baba yangu, ambaye kwa Kisomali namwita eddo. Eddo ameishi na kisukari kwa miaka kadhaa, na siku hiyo alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kilichokataa kupona. Muuguzi akakisafisha, akampima uzito, akaandika kilo 91. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na kitabu changu. "Na wewe binti, hebu panda." Nikapanda. Kilo 84, nami urefu wangu ni mita moja na sentimita 62, na umri wangu wakati huo ulikuwa miaka 22. Muuguzi hakunikemea. Alisema tu, "Njia aliyopita shangazi yako ndiyo hiyo unayoifuata. Tofauti ni kwamba wewe bado uko mwanzoni mwake."

Tulirudi nyumbani kimya. Tulipofika langoni, Eddo akautazama mguu wake na kusema, "Mguu huu umechunga mbuzi pande zote za Balambala. Sitaki ukatwe kwa sababu ya kukaa." Hapo ndipo tulipoahidiana kwamba tutapungua sote wawili. Nilikuwa na nguvu za ujana na imani ya msomi, kwa hiyo nikajitwika jukumu la kutafuta njia. Nakiri mapema, ewe msomaji, kwamba nilipotea mara tatu.

Kabla ya kusimulia upotevu wangu, sharti nieleze kwa nini ahadi yetu haikupokewa vyema nyumbani. Lugha zetu zenyewe zimeegemea upande wa unono. Katika Kiswahili, mtu aliyeshiba neema husemwa amenawiri, amewanda, ametakata. Aliyepungua husemwa amekonda, amedhoofu, amekwisha. Katika Kisomali, neno caato, la mwembamba, haliko mbali na neno abaar, la ukame. Wala watu wetu hawakuyatunga maneno haya bure. Kati ya mwaka 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika Pembe ya Afrika, na nchini Kenya pekee mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa, mingi ikiwa ya wafugaji wa kaskazini. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuutazama mwili mwembamba akauita mrembo. Anauona mwili unaoomba msaada.

Mafuta ni akiba. Ngamia anatufundisha hilo kila siku sokoni, kwa kuwa nundu yake haikubeba maji kama wengi wanavyodhani, bali mafuta aliyojiwekea wakati wa malisho ili ayatumie wakati wa dhiki. Mwili wa mwanadamu una hekima hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba sisi tuliohamia mjini tumeendelea kuweka akiba huku wakati wa kuitumia haufiki. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba takriban asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliopita kiasi, na kwamba miongoni mwa wanawake idadi hiyo ilizidi thuluthi moja. Nao watafiti waliowachunguza Waturkana, ndugu zetu wa kaskazini, wakachapisha matokeo yao mwaka 2020, waliona kwamba Waturkana walioishi mijini walikuwa na afya mbaya zaidi ya moyo na mishipa kuliko wenzao walioendelea na ufugaji. Niliposoma habari hiyo nilimwona Eddo: msichana wa malishoni aliyegeuka kuwa mama wa mjini, miguu ileile, mwendo tofauti.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini jasho. Garissa iko mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara. Nilidhani nimepewa tanuri ya bure. Nikavaa nguo nzito chini ya jilbabu, nikafunga mlango wa chumba, nikaruka kamba alasiri mpaka sakafu ikalowa. Nilipojipima nilikuwa nimepungua zaidi ya kilo moja. Nilishangilia. Kisha nikanywa maji, nikala chakula cha jioni, na asubuhi yake kilo ile ilikuwa imerudi mahali pake kama mgeni aliyesahau mkoba.

Jasho ni maji ya kupoza mwili, wala si mafuta yaliyoyeyuka. Hapa ndipo lugha iliponihadaa, maana tunasema "kuyeyusha mafuta" na mara moja akili inaona samli ikitiririka. Ukweli ni wa ajabu zaidi. Mwaka 2014 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba mtu anapopoteza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 kati yake hutoka mapafuni kama hewa ya kaboni dayoksaidi, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka kuwa maji. Naam, mafuta hutoka kwa pumzi! Mtu aliyeketi juani akitiririka jasho hajapoteza mafuta zaidi ya yule aliyeketi kivulini. Amepoteza maji tu, na katika joto la kwetu anaweza kujidhuru vibaya.

Kosa la pili nilitoka nalo chuoni. Niliporejea masomoni niliingia katika chumba kimoja cha mazoezi ambapo mashine ya kukimbilia ilikuwa na mchoro wa rangi. Sehemu ya mwendo wa pole iliandikwa kuwa ndiyo ya kuchoma mafuta, na sehemu ya mwendo wa kasi ikaandikwa kuwa ni ya moyo. Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe uvivu wangu ulikuwa na ithibati ya kisayansi! Kwa majuma mengi nilitembea kwa mwendo wa bibi harusi, nikiogopa hata kuharakisha nisije nikaacha kuchoma mafuta.

Mchoro ule haukudanganya, bali ulisema nusu ya maneno. Ni kweli kwamba mwili una fueli kuu mbili, mafuta na wanga. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi wamejua kuzitambua kwa kupima hewa tunayoivuta na tunayoitoa. Ukigawa kaboni dayoksaidi inayotoka kwa oksijeni inayotumika ukapata 0.7, mwili unatumia mafuta matupu, na ukipata 1.0, unatumia wanga mtupu. Katika mwendo wa pole sehemu kubwa ya nguvu hutoka kwenye mafuta. Kadiri zoezi linavyozidi ukali, misuli huhitaji nguvu za haraka, na wanga, ambao huwaka upesi zaidi, huchukua usukani.

Lakini asilimia kubwa ya kitu kidogo si lazima iwe nyingi. Nilipiga hesabu ya makadirio kwa mwili wangu wa kilo 84. Nusu saa ya kutembea polepole ingetumia kama kalori 150. Tuseme asilimia 60 zitoke kwenye mafuta: hizo ni kalori 90, sawa na gramu 10 za mafuta. Nusu saa ya kukimbia taratibu ingetumia kama kalori 340. Hata kama asilimia 35 tu zingetoka kwenye mafuta, hizo ni takriban kalori 120, sawa na gramu 13. Zaidi ya hayo, mwili haufungi hesabu zoezi linapokwisha. Ukitumia wanga asubuhi, huenda ukatumia mafuta zaidi mchana na usiku. Ukitumia mafuta asubuhi kisha ukala kupita mahitaji, yatarudi jioni. Kinachoamua ni hesabu ya siku nzima na ya majuma mengi: nguvu zilizoingia na nguvu zilizotoka.

Basi nikaangukia kosa la tatu, ambalo ni kinyume cha la pili. Likizo ya Aprili nilirudi Garissa nikiwa nimeazimia kuwa mkali. Kila alfajiri, baada ya swala, nilizunguka ua wetu mpana kwa mbio za kukata pumzi, nikapumzika kidogo, nikakata tena. Mazoezi ya namna hii si upuuzi. Huimarisha moyo na mapafu kwa muda mfupi, na wapo wanaoyamudu. Mimi sikuyamudu. Siku ya nne magoti yalilalamika, siku ya saba nilitafuta sababu za kuchelewa kuamka, na siku ya tisa sikuamka kabisa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, walisema wahenga, na ukingo wangu ulikuwa siku tisa.

Eddo alikuwa akinitazama muda wote huo. Kidonda chake kilikuwa kimepona, naye alikuwa amenunua viatu vilivyofunika vidole, kama alivyoagizwa. Asubuhi ya kumi aliniamsha yeye. "Leo tutakwenda mtoni," akasema, "na utaacha vitabu vyako nyumbani."

Tukatoka kabla ya jua. Mji ulikuwa baridi kwa kiasi ambacho Garissa huwa baridi. Mikokoteni ya punda ilikuwa inatoka mtoni na mitungi ya maji, na mbali kidogo tuliliona daraja la Tana likianza kupata rangi. Nilitembea mbele kwa kasi. Eddo akaniita. "Umekimbilia nini? Hebu nijibu." Nikajaribu kujibu, maneno yakakatika. Nikapunguza mwendo mpaka nikawa naburuta viatu. Akacheka. "Sasa unaweza hata kuimba." Halafu akanieleza jambo ambalo hakufundishwa na daktari wala mwalimu. Walipokuwa wasichana wakipeleka mbuzi kisimani, mwendo waliupima kwa mazungumzo. Anayeimba hafiki, jua litamkuta njiani. Asiyeweza kumjibu mwenziwe hafiki pia, ataanguka. Mwendo wa kwenda kisimani na kurudi ni wa yule anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Nilisimama njiani kwa mshangao. Hicho ndicho kipimo kilekile ambacho wataalamu wa mazoezi hukitumia: katika zoezi la ukali wa wastani mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, na katika zoezi kali hawezi kusema ila maneno machache kabla ya kuvuta pumzi. Hapo ndipo mizani zangu mbili zilipokutana. Nilitunga mshororo wangu mwenyewe wa mizani 16, usio na thamani yoyote ya kifasihi, nikaanza kuutamka nikitembea. Nikiweza kuutamka wote, ukwapi na utao, kwa pumzi moja huku nafsi ikitamani kupumua mwishoni, mwendo ni wa wastani. Nikikatika kabla ya ukwapi kwisha, mwendo ni mkali. Nikiweza kuughani kwa mahadhi yake kama niliye jukwaani, basi naburuta miguu. Mwalimu wangu wa ushairi alinifunza kwamba mizani huupa ubeti urari. Hakujua kwamba anaupa mwili wangu urari pia.

Tangu siku hiyo tulishika mwendo wa wastani, dakika 45 kwa siku, siku tano kwa wiki. Nilipokuwa chuoni tulitembea kila mmoja kwake, kisha siku mojamoja akanipigia simu akiwa njiani, nami nikausikia mwendo wake katika pumzi zake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, au mchanganyiko wa hayo mawili. Kwa hiyo ukali na muda hubadilishana. Mwenye magoti mazima na saa chache achague ukali, na mwenye mwili mzito kama wetu achague muda, kisha aongeze kasi polepole kadiri mshororo unavyozidi kuwa mwepesi. Miezi michache baadaye mwendo ulionikatiza kwenye ukwapi ukawa mwendo wa kuzungumza.

Hata hivyo, mizani ya zahanatini ilikuwa bado na somo moja. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Kwa mwendo wetu, kutembea pekee kungehitaji wiki tano au sita kuondoa kilo hiyo, mradi tusiongeze chakula. Nikaanza kuhesabu chai. Eddo alikuwa akinywa vikombe vinne vya shai ya maziwa kwa siku, vijiko vitatu vya sukari katika kila kimoja. Hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48, yaani kalori 190 hivi, zaidi ya nusu saa ya kutembea polepole kwa mtu wa uzito wangu. Tulikuwa tunakwenda mtoni kuchota kwa ndoo iliyotoboka.

Jirani zetu Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, Tanzania, wamewafundisha wanasayansi jambo hilohilo. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Wahadzabe, wanaotembea kila siku kuwinda na kuchimba mizizi, hawatumii nguvu nyingi kwa jumla ya siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya, ukubwa wa mwili ukizingatiwa. Yaonekana mwili unaozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Hii haina maana kwamba mazoezi ni bure. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kabla uzito haujashuka, na kwa mgonjwa wa kisukari hiyo ni neema kubwa. Maana yake ni kwamba asiyebadilisha sahani yake asitarajie miguu pekee imwokoe.

Kwa hiyo Eddo akapunguza sukari, kijiko kimoja kila baada ya majuma mawili, ili ulimi usigundue wizi. Wali na pasta vikapungua sahanini, kunde na mboga zikaongezeka. Ramadhani ilipofika nilidhani nimepata njia ya mkato, maana nilikuwa nimesoma kwamba mtu anayefanya mazoezi tumbo likiwa tupu hutumia mafuta zaidi. Ni kweli kwa saa ile. Lakini walipolinganishwa kwa majuma watu waliofanya mazoezi wakiwa hawajala na waliofanya wakiwa wamekula, chakula cha siku kikiwa sawa, kupungua kwao hakukutofautiana. Sambusa za futari zinajua kufidia. Eddo, kwa ajili ya dawa zake, alimwuliza daktari kwanza kama afunge, akafuata aliloambiwa. Mimi nilitembea taratibu karibu na magharibi, nikafungua kwa tende na maji, basi.

Mwaka ulipotimia tulirudi pamoja zahanatini. Mimi nilikuwa na kilo 76. Eddo alikuwa na kilo 86, na sukari yake ilikuwa imeshuka kiasi cha muuguzi kurudia kipimo ili ahakikishe. Sisi si wembamba, na hatukuutafuta wembamba. Tulitafuta miguu.

Jirani mmoja alipotuona tukirudi alimwuliza Eddo kwa huruma, "Mbona mmekonda? Kuna ugonjwa nyumbani?" Sikujua la kujibu, kwa sababu nilikuwa nikiwatazama wanawake wawili waliokuwa wakivuka barabara na mitungi ya maji mgongoni. Hakuna aliyewapimia kalori zao, na hakuna mmoja wao aliyetembea kwa hiari. Niliona aibu kidogo kwa hesabu zangu. Eddo hakuona aibu. Alimjibu jirani yule kwamba ugonjwa ulikuwepo zamani, tulipokuwa tumenawiri, kisha akamwalika atembee nasi kesho alfajiri. Akamwambia aje na habari za kutosha, kwa maana njiani tunazungumza.

Alikuja. Alipofika darajani alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Eddo akapunguza mwendo, akamngojea.